Opareta Aliyesoma Makosa kwa Sauti

Sikuwahi kumwona Opareta akigusa kibodi kabla hajalisoma kosa lote kwa sauti. Kompyuta ikigoma, sisi wengine tulikimbilia kuzima na kuwasha, au kubonyeza huku na kule kwa matumaini. Yeye alivuta kiti, akakunja mikono kifuani, akaanza kusoma polepole kama mtu anayemsomea jirani barua aliyotumiwa na mwanawe. Kosa lenyewe lilikuwa la Kiingereza, mistari arobaini na ushee. Yeye alilisoma kwa Kiswahili, akilitafsiri palepale.

"Imeshindikana kugeuza maandishi kuwa namba kamili," alikuwa akisema. "Haya. Maandishi gani? Namba ya nini?"

Hakuruhusu mtu aseme mbele yake kwamba kompyuta imekataa.

"Imekataa nini? Mtoto akikataa, unajua amekataa uji. Hii imekataa nini?"

Tunduma nzima ilimwita Opareta, na Wazambia wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, pia. Madereva wa Kibemba walipita dirishani na "Mulishani, mayo Opareta," naye akawajibu bila kuinua kichwa. Jina lilitoka kwenye kazi yake ya zamani ya posta, alipounganisha simu kwa mkono na kutuma simu za maandishi, hadi mitambo ilipobadilishwa na wao wakapunguzwa. Wenzake waliopunguzwa naye wengi walirudi shambani Mbozi kwenye kahawa. Yeye alifungua stesheneri karibu na barabara kuu, akachapa barua za watu kwa taipureta, kisha akanunua kompyuta. Ilipofika zamu ya kuandika programu alikuwa ameshapita miaka hamsini. Alijifunza peke yake, kwa kukosea.

Mimi nilimkuta akiwa tayari ameandika mfumo wa yadi ya malori. Nilitoka Ihanda na diploma yangu mpya ya Mbeya kwenye bahasha ya kaki. Nilidhani nakuja kumsaidia mama mtu mzima aliyekwama. Alinipokea vizuri, nikamwamkia, akaitikia, akaiweka bahasha mezani bila kuifungua.

"Kaa pale," alisema. "Kipande cha kuchapa vibali hakipati printa. Kipatie."

Hapa nieleze kidogo, maana maisha yetu pale yalizunguka jambo hili. Fremuwaki tuliyotumia, yaani kiunzi tulichojengea programu zetu, ilikuwa na utaratibu wake. Vipande vya programu havikujitafutia vifaa. Kila kimoja kilikaa kikisubiri kupewa. Kipande cha vibali kilisubiri kupewa printa. Kipande cha zamu kilisubiri kuambiwa malori mangapi yatoke kwa mkupuo mmoja. Faili moja la mipangilio ndilo lililosema nani apewe nini, na fremuwaki ililisoma kila ilipowashwa, ikagawa. Lakini kila kilichoandikwa mle kilikuwa maandishi matupu. Kabla ya kugawa ilibidi ikigeuze: hiki kiwe namba, hiki kiwe tarehe, hiki kiwe ndiyo au hapana. Ikishindwa kugeuza kitu kimoja tu, mfumo mzima hauwaki, na nje kuna malori yananguruma.

Siku ile ya kwanza niliandika jina la printa pale palipotakiwa, nikawasha. Kosa. Nikaandika tena kwa herufi kubwa. Kosa. Nikaweka alama za kunukuu, nikaondoa, nikaanza kutokwa jasho. Opareta alikuwa akiwahudumia wateja wa kutoa kopi. Alipomaliza alikuja akasimama nyuma yangu, akasoma kosa lote hadi mwisho.

"Inasema imepewa maandishi, ilitaka printa. Wewe umeipa nini?"

"Nimeipa printa, mama. Jina lake hili hapa."

"Umeipa jina. Mimi nikikuagiza uniitie fundi, ukaniletea karatasi imeandikwa 'fundi', nitajengewa ukuta?"

Wateja wakacheka. Niliona haya, lakini nilielewa kitu ambacho miaka miwili ya chuo haikuwa imeniingiza kichwani. Palikuwa na neno moja la kubadilisha kwenye ule mstari, lile linaloiambia fremuwaki kwamba hiki si maandishi, ni rejeo la kitu kilichopo, kakichukue. Nikalibadilisha. Printa ikaitika.

Ile bahasha aliifungua wiki iliyofuata. Aliisoma diploma yote, hata maandishi madogo ya chini, akanirudishia. "Ni nzuri," alisema. "Itunze isilowe."

Alikuwa na ukali ambao haukuchagua. Mteja akileta barua ya kuchapwa yenye jina lililoandikwa kwa namna mbili, alimrudisha nyumbani akaulize lipi sahihi. Hata mchungaji alimrudisha. Nilipomwambia kwamba tunafukuza watu, alinisimulia habari ya simu ya maandishi ya zamani. Mtu mmoja wa Msangano alikuwa kazini kwenye migodi ya Zambia. Nyumbani wakamtumia ujumbe kwamba mama amefika na ndugu yake. Herufi moja ikabadilika njiani, "amefika" ikawa "amefiwa". Yule bwana akaacha kazi, akasafiri siku mbili akilia, akamkuta mama yake anapepeta mahindi na ndugu huyohuyo.

"Nani aliikosea?" nikauliza.

"Mimi," alisema. "Nilikuwa nazungumza na mtu huku napiga."

Yule bwana alikuja posta kumtafuta. Hakumtukana. Alitaka tu kumwona aliyemfanya alie. Opareta alisema bora angemtukana.

Pamoja na ukali huo alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Mtu aliyewaunganishia watu simu nusu ya umri wake hakupenda kabisa kuzungumza kwenye simu. Ukimpigia alisema, "Sema," ukishasema alikata. Alitoka kwenye ukoo wa wakulima wa kahawa na hakuwahi kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Alisema inanuka kazi. Alimwambia mwenye yadi kwamba kompyuta alisomea Dar es Salaam, na haikuwa kweli, alikwenda Dar mara moja tu kwenye harusi. Nilipomuuliza kwa nini alidanganya alisema yule bwana asingempa kazi mwanamke aliyejifunzia stesheneri, na sasa malori yanatoka, kwa hiyo nani ameumia? Na miwani alikuwa nayo, nzuri tu, ndani ya kasha, ndani ya mkoba. Alikuwa hataki kuonekana nayo.

Mwandiko wake nao ulikuwa mbaya ajabu. Aliyerudisha watu nyumbani kwa herufi moja, mwenyewe akikuandikia maagizo ilibidi umwite aje ayasome.

Nikimkumbuka, mara nyingi nakumbuka kisa cha ndizi.

Yadi ile ilikuwa na malori themanini au zaidi yakisubiri kuvuka, na siku nyingine barabara ilijaa hadi mbali. Lori likiingia lilipewa namba ya zamu. Karani wa getini alichapa orodha kwenye mfumo wetu, akaita. Jumamosi moja mwenye yadi alikuja kusema wameruhusiwa kutoa malori kumi na tano kwa mkupuo badala ya kumi. Opareta alikuwa amejiandaa kwenda Vwawa msibani. Alifungua faili la mipangilio, akabadilisha kumi kuwa kumi na tano, akahifadhi, akachukua mkoba wake akaondoka. Mfumo ulikuwa unaendelea kufanya kazi, na faili lile husomwa wakati wa kuwashwa tu, kwa hiyo hakuna kilichotokea.

Jumatatu asubuhi umeme ukakatika, jenereta ikachelewa, mfumo ukazimika. Nilipouwasha ukanipa kosa: imeshindikana kugeuza maandishi kuwa namba kamili, mahali penyewe ni idadi ya mkupuo. Nikafungua faili. Pameandikwa 15, naiona kwa macho yangu. Nikatafuta nafasi tupu nyuma yake, hakuna. Karani ananipigia, madereva wanapiga honi. Nilimpigia Opareta, simu ikaita bila kupokelewa, yuko makaburini.

Nikafanya jambo ambalo siku ile lilionekana la akili. Kama kumi na tano inakataa kugeuzwa kuwa namba, basi isigeuzwe. Nikakiambia kipande cha zamu kipokee maandishi. Kikalalamika mahali pengine, kwa sababu kilikuwa kinalinganisha idadi ile na namba za zamu. Nikazifanya namba za zamu nazo ziwe maandishi. Kosa likazuka kwingine, nikabadilisha na kule. Saa sita mchana hapakuwa tena na namba hata moja kwenye mfumo ule, yote yalikuwa maandishi. Ukawaka bila kosa. Nilijisikia mwanamume. Nikaenda kula.

Kumbe kompyuta ikipanga maandishi hupanga kwa herufi ya kwanza, kama majina kwenye daftari la mahudhurio. Moja inafuatwa na kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Baada ya kumi na tisa ndipo ije mbili, halafu ishirini. Tisa inakwenda mwisho kabisa, nyuma ya themanini na tisa.

Namba tisa ilikuwa Fuso ya ndizi. Mwenye ndizi alikuwa mama mmoja wa Isongole, mtu mpole, mwenye khanga mbili na mfuko wa chakula, anapeleka mzigo Nakonde. Aliona namba kumi inaondoka, na kumi na moja, akaenda kumuuliza karani. Karani akatazama orodha akamwambia, "Mama, ndivyo kompyuta inavyosema." Jumanne akauliza tena, akajibiwa vilevile. Jua lilikuwa kali wiki ile.

Opareta alirudi Jumatano asubuhi. Hakuanzia ofisini, alipita yadini kwa sababu gari lilimshusha huko. Aliingia stesheneri akiwa na orodha ya karani mkononi, bado ana kitenge cha msibani.

"Nani ameamua tisa ije baada ya themanini?"

Nikamweleza yote, kwa fahari kidogo bado, kwamba mfumo uligoma na mimi nimeuwasha.

"Kosa lilisemaje?"

Nikamwambia.

"Na wewe ukalinyamazisha." Akavuta kiti. "Rudisha kila ulichobadilisha. Kimoja kimoja. Nataka kuliona hilo kosa."

Ilinichukua zaidi ya saa moja. Mwenye yadi alikuja kufoka kwamba tusizime kitu kinachofanya kazi. Opareta alimjibu kwamba hakifanyi kazi, kinatembea tu, na kwamba karani aite malori kwa daftari mpaka atakapomwambia. Mwenye yadi akaenda kumwambia karani. Kosa likarudi kwenye skrini, lilelile. Akalisoma kwa sauti hadi neno la mwisho.

"Imepewa maandishi haya, imeshindwa kuyafanya namba. Fungua faili. Unaona nini?"

"Kumi na tano."

"Iambie kompyuta iitafute kumi na tano humo ndani."

Nikaandika 15 kwenye kisanduku cha kutafutia. Jibu likaja: haipo. Nikarudia. Haipo. Na mimi naiona, iko mbele yangu, mstari wa tatu kutoka juu.

"Wewe unaiona, yeye haioni," alisema Opareta. Aliinama mpaka pua ikakaribia skrini. Kisha akanyoosha mkono, akafungua mkoba, akatoa kasha, akavaa miwani. Mara ya kwanza kumwona nayo. Akatazama kwa muda mrefu, halafu akaandika mwenyewe kwenye kile kisanduku, herufi L ndogo, ile inayofanana na moja, kisha tano.

Ipo. Mstari wa tatu.

Opareta alikiinua kidole cha mkono wa kulia, kile cha pete, akakitazama.

"Taipureta ya posta haikuwa na kitufe cha moja," alisema taratibu. "Tulipiga L ndogo. Miaka yote ile. Jumamosi nilikuwa na haraka, kidole kikaenda kwao."

Akaifuta L, akaandika moja. Mfumo ukawaka. Orodha ikatoka imekaa sawa, tisa mahali pake baada ya nane. Mimi nikashusha pumzi, nikadhani yamekwisha.

"Vaa viatu vizuri," aliniambia. "Tunakwenda kwa mwenye ndizi."

"Mama, si karani ataenda kumweleza?"

"Karani hakukosea. Inuka."

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele. Yule mama wa Isongole alikuwa ameketi kivulini pembeni ya gurudumu. Ndizi za juu zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi, na harufu tuliipata kabla ya kufika. Opareta alimwamkia, akachuchumaa mbele yake ili wawe sawa, akamweleza bila kupunguza. Kwamba kosa la kwanza ni lake yeye, alipiga herufi mahali pa namba. Kwamba la pili ni la kijana huyu, alilificha badala ya kulitafuta. Kwamba kompyuta haikusema lolote, watu ndio waliosema.

Yule mama alisikiliza, akanitazama mimi.

"Mimi sikusoma sana, mwanangu," alisema. "Lakini tisa naijua. Nilimwambia yule wa getini, tisa inakuja kabla ya kumi. Akaniambia sijui kompyuta."

Opareta ndiye aliyemwomba radhi, nami nikarudia maneno yake nyuma yake kama mtoto wa kipaimara. Kisha akaniamuru nipande juu ya gari. Tulichambua ndizi siku ile, mimi juu, wao wawili chini, zinazofaa huku na zilizoharibika kule, hadi jioni Fuso ikapewa njia. Zilizookoka hazikufika nusu. Nilikuwa na utomvu wa ndizi kwenye shati nililovalia mahafali yangu, na haukutoka tena.

Kuanzia siku ile Opareta alivaa miwani kila siku. Aliandika pia kipande kidogo cha programu kilichokagua faili la mipangilio kabla ya kuwasha, kikikuta herufi mahali pa namba kinataja mstari na kinaonyesha herufi yenyewe. Niliwahi kumtania kwamba amekitengenezea kidole chake. Hakucheka. "Ndiyo," alisema.

Nilikaa naye miaka minne. Nikapata kazi Dar es Salaam, nikaaga. Aliniambia, "Haya, nenda," kwa sauti ileile ya kwenye simu, akaendelea na kazi, lakini nilipofika stendi niligundua ameniwekea kwenye begi mikate miwili na chupa ya asali.

Mara ya mwisho kukutana naye kazini, mimi ndiye niliyekuja kuuondoa mfumo wake. Tulikuwa bado tunahesabiwa mkoa wa Mbeya, habari za mkoa mpya zikiwa maneno tu ya watu. Kampuni niliyofanyia ilipewa kazi ya kuweka mfumo mmoja kwa yadi zote za pale, na ya kwake ikiwemo. Niliomba wamtume mtu mwingine. Wakasema wewe unapajua. Njia nzima kutoka Mbeya nilikuwa natafuta maneno.

Nilimkuta ofisini kwa mwenye yadi, amepungua mwili, kichwa kimejaa mvi, bado ana mkoba. Nikamwamkia. Akaitikia, akanipa karatasi sita zilizochapwa. Zilikuwa na kila kitu kilichomo kwenye mfumo wake, jina lake, na aina yake: hiki ni namba, hiki ni tarehe na siku ndiyo inayotangulia mwezi, hiki huonekana kama namba lakini kina herufi ndani yake msikiguse. Pembeni ya mistari kadhaa alikuwa ameweka alama nyekundu.

"Hapa mtakwama," alisema. "Na hapa. Na hii mizigo ya Kongo, karatasi zao wanatumia mkato pale sisi tunapoweka nukta. Mkisoma ovyo, tani ishirini na nane zitakuwa elfu ishirini na nane."

"Mama, nani alikuomba ufanye hivi?"

"Hakuna. Kwani yangesubiri kuombwa?"

Tulikwama pale pote alipoweka alama, na kila tulipokwama jibu lilikuwa kwenye karatasi. Siku ya tatu rekodi zake zote zilikuwa zimehamia. Mwenye yadi akamwambia azime mwenyewe ule wa zamani, kwa heshima. Akauzima, mara moja, kama anayefunga dirisha. Mimi ndiye niliyegeuka kutazama ukutani.

Kiongozi wetu wa kazi, kijana mchangamfu wa Dar, alikuwa anaandikisha watu wa mafunzo. Makarani walisimama kwenye foleni. Opareta naye akasimama.

"Mafunzo yanaanza lini?"

"Kesho asubuhi, bibi. Lakini ni ya wafanyakazi wanaoendelea. Wewe umeshafanya kazi kubwa, sasa ni wakati wa kupumzika."

"Nimekuuliza lini," alisema Opareta. "Sikukuambia nimechoka."

Kijana akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa kwamba amwandike, akamwandika.

Kesho yake nilifika saa moja na nusu kufunga projekta. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Alikuwa kwenye kiti cha mbele, daftari jipya mapajani, ameshaandika tarehe juu ya ukurasa kwa ule mwandiko wake usiosomeka.

"Wewe ndiye unayefundisha?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi usiende haraka," alisema, akafungua kalamu.